Ng'ombe wa Risasi na Mkono Wangu wa Kulia

Kama unayeyusha risasi nyumbani kwa kujifurahisha, na tumbo linakukaba kila baada ya siku mbili tatu, na choo hupati, usimeze dawa nyingine ya taifodi kabla hujamaliza kusoma hapa. Mimi nilimeza. Ya taifodi mara tatu, ya vidonda vya tumbo mara mbili, ya minyoo sikumbuki. Wakati huo wote mkono wangu wa kulia ulikuwa unakufa taratibu na hakuna aliyeuangalia.

Mimi ni fundi pancha. Kibanda changu kiko Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, na nyumba yangu iko nyuma yake, hatua chache. Shule niliishia la saba. Mambo ya ndani ya damu sitayaeleza, maana daktari aliponieleza nilishika nusu. Nitasema niliyoyaona. Na nitataja watu kwa majina, kwa sababu walipokuwa wananiharibu walilijua jina langu.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe. Ukame ukala wengi, waliobaki wakauzwa, na kiwanja changu cha Sakina kinatosha nyumba, kibanda, na ng'ombe mmoja wa kisasa anayelishwa bandani. Huyo ni wa mama yangu, tunayemwita Yeyo. Mimi nikaanza kujitengenezea ng'ombe wa risasi, wadogo, wa kukaa kiganjani. Nilichonga ng'ombe wa mti, nikambana kati ya visanduku viwili vya mchanga uliochanganywa na oili chafu, nikamtoa, na ile nafasi aliyoiacha nikaimiminia risasi. Ilikuwa kazi ya Jumapili mchana, baada ya ibada. Sikuuza hata mmoja. Niliwapanga juu ya kabati na kuwapa majina ya ng'ombe wa baba.

Lazaro, fundi betri wa kibanda cha jirani, alikuja kuwatazama, akasema, "Wewe ndiye mfugaji peke yako Arusha hii ambaye ng'ombe wake hawanyi." Tulicheka sana siku ile. Huyo Lazaro ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu.

Shida ya ng'ombe wa risasi ni pembe. Mwili unajimwaga wenyewe, lakini pembe ni nyembamba, na pembe ndiyo inayokuonyesha kama umechanganya vizuri. Risasi laini, ile ya kwenye maganda ya nyaya nene za simu za zamani, inayeyuka haraka na kung'aa, ila ukimshika ng'ombe kichwani pembe inalala kama sikio. Ngumu ni ile ya vipande vya kubalansi matairi, vinavyobanwa kwenye rimu. Hivyo nilikuwa navyo kopo tele, ndiyo kazi yangu. Pembe yake inasimama, lakini risasi hiyo peke yake haifiki kwenye ncha, inaganda njiani na ng'ombe anatoka kibutu, hana pembe. Nilihangaika miezi mpaka nikagundua waya wa kulehemu. Ukitia waya wa kulehemu kidogo, risasi inakuwa nyepesi kama chai, inapenya kila mahali. Basi mchanganyiko wangu ukawa pawa tatu za laini, tano za rimu, na waya wa kulehemu urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Kujua ipi ni ipi sikufundishwa na mtu. Unakwaruza kwa ukucha wa dole gumba: laini inaandikika, ngumu inagoma. Unaangusha kwenye sakafu ya saruji: laini inasema pu, ngumu inalia kidogo. Na vipande vya rimu unavibana kwanza kwa koleo, kwa sababu siku hizi vingi ni zinki au chuma. Zinki ikiingia sufuriani imeharibu yote, inakuwa kama uji wa madonge na hakuna pembe itakayotoka hapo.

Hiyo ndiyo ilinipeleka kwa Lazaro. Vipande vya risasi vilipungua, kila rimu niliyoifungua ilikuwa na zinki. Nikamwambia. Akasema, "Unahangaika nini, kaka? Betri mbovu zimejaa hapa. Risasi ya betri ni ngumu, pembe zako zitasimama mpaka zikuchome."

Nikamuuliza kama haina madhara. Nataka ieleweke kwamba niliuliza.

"Kunywa maziwa," akasema. "Kila ukimaliza, kunywa maziwa. Yanaosha kifua. Mimi mwaka wa ngapi huu, umeniona nimelala?"

Maziwa nilikuwa nayo. Yeyo hagandishi maziwa kwenye sufuria, anagandisha kwenye kibuyu kama alivyofanya mama yake. Anachukua kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, anakichoma ncha mpaka iwe kaa, anakiingiza kibuyuni na kusugua ndani. Maziwa yanakaa siku tatu, yanatoka na harufu ya moshi na vumbi jeusi kidogo. Mke wangu, Mama Neema, ni Mmeru wa Kikatiti na hayataki, anasema yananuka jiko. Binti yetu Neema alimfuata mama yake. Kwa hiyo kibuyu kilikuwa cha watu wawili, mimi na Yeyo.

Nilianza kuvunja betri masika yalipokatika. Sahani za ndani nilizianika kwenye bati. Zina unga wa kijivu, ukikauka unapeperuka, na upepo wa Sakina mnaujua. Zikiyeyuka zinatoa takataka nyingi kuliko risasi yenyewe, inabidi ukoroge sana ili uchafu upande juu uuengue. Kukoroga natumia kijiti kikavu, kinaungua taratibu na moshi wake unasafisha. Nilichukua vijiti vya oloirien kutoka kwenye mzigo wa Yeyo, maana mti ule hauishi haraka.

"Mwizi wa vijiti," Yeyo aliniita. "Una gereji nzima ya vyuma unakuja kuiba kwa bibi kizee."

Pembe zilisimama, hilo Lazaro hakudanganya.

Baridi ya Juni ilipoingia, mlima ukiwa umefunikwa na ukungu wiki nzima, tumbo likaanza. Si kuumwa tumbo mnakokujua. Ni kama mtu amekukamata utumbo kwa ndani na anaukamua kama nguo. Nilikuwa napiga magoti kando ya gari la mteja nikijifanya natafuta nati. Mdomoni utamu wa chuma, hata ugali una utamu. Usingizi ukapotea. Hasira ikaja, nikamtukana Neema kwa sababu ya kikombe.

Nilikwenda zahanati kwa tabibu mmoja anaitwa Godlisten. Yeye ni wa pili. "Taifodi," alisema kabla sijakaa. Niliporudi, mara mbili, akasema taifodi imejificha. Mara ya nne akasema ni vidonda vya tumbo, nipunguze mawazo na ninywe maziwa kwa wingi. Hakuwahi kuniuliza nafanya nini na mikono yangu. Kila wiki yeye akiniandikia, mimi nilikuwa narudi nyumbani kunywa kibuyu na Jumapili kuwasha moto.

Vuli ilipoanza nilikuwa nafungua nati za gari la mchanga. Spana ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka. Nikautazama mkono wangu: vidole vinakunja vizuri, lakini kiganja chote kimelala chini kama jani la mgomba lililovunjwa shina. Niliuamuru uinuke. Haukuinuka. Niliuinua kwa mkono wa kushoto, nikauachia, ukalala tena. Dereva alikuwa ananitazama. Akavua koti, akafungua nati zake mwenyewe, akabadilisha tairi, akanilipa kama vile nimefanya mimi. Simjui jina. Naye nimemwandika.

Fundi pancha bila mkono wa kulia ni mtu wa kukaa tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Tumbo lingeniua au lisiniue, lakini mkono ulikuwa ndio mimi.

Hospitali kubwa tulikwenda na Mama Neema. Benchi la pale ni la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu. Tulikaa kuanzia alfajiri. Jirani yangu, mama mmoja wa Makumira aliyemleta mumewe, aliona nahangaika na kizibo cha chupa ya maji. Akaichukua, akafungua, akanirudishia bila kukatiza maongezi yake na mwenzie. Mambo kama hayo ndiyo yalinivusha, si mahubiri.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa kuitwa mwanangu. Aliniambia nifungue mdomo. Akatazama fizi muda mrefu, akamwita Mama Neema aangalie.

"Mama, hii rangi umeiona?"

"Nimeiona tangu mwezi wa nane," Mama Neema akasema. "Nilimwambia fizi zako zimechorwa na kalamu ya bluu, akasema nimwache."

"Baba, unafanya kazi na risasi?"

Yule wa zahanati alinimaliza miezi mitano. Huyu alimaliza kwa swali moja.

Damu yangu ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yalirudi baada ya Krismasi, na namba ilikuwa kubwa kiasi kwamba daktari aliisoma mara mbili. Dawa ikaagizwa Nairobi. Ni vidonge vyenye harufu ya yai viza, ukivimeza unatoa jasho la yai viza, na mke wako analala upande wa ukutani. Daktari akasema, "Dawa inatoa iliyomo. Ukiingiza nyingine, tunacheza. Na mkono utarudi tu kama namba itashuka na kubaki chini. Ukichelewa sana, unabaki hivyo hivyo."

Niliacha. Siku ile ile. Sufuria, upawa, risasi iliyobaki, ng'ombe wote wa juu ya kabati, nilivitia kwenye pipa la rangi nikalifunga kwa kifuniko na kulizika. Mama Neema alipiga deki kibanda kwa maji, mara tatu, si kwa ufagio, kama tulivyoelekezwa. Awamu ya kwanza ya vidonge iliisha, namba ikashuka. Tumbo likanyamaza. Mwezi wa pili nilikunya kama binadamu, nikamshukuru Mungu hapo hapo chooni. Kidole cha kati kikaanza kunyanyuka.

Masika yalipofika nikapimwa tena. Namba ilikuwa imepanda.

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba, unayeyusha."

"Siyeyushi."

"Hii haipandi yenyewe kiasi hiki. Unaila kutoka mahali."

"Mwanangu, nimekwambia siyeyushi."

Mama Neema alikuwa amekaa pembeni, anasikia yote. Tulirudi nyumbani. Akaenda moja kwa moja kibandani, akafunua maturubai, akanusa jiko, akachungulia nyuma ya matairi. Hakuona kitu, na kutoona kukamuudhi zaidi.

"Umehamishia wapi?"

"Sijahamishia popote."

"Kwa Lazaro?"

"Mama Neema."

"Mimi niliapa kanisani kukaa na mgonjwa, Baba Neema. Sikuapa kukaa na mwongo."

Akamchukua mtoto, akaenda kwao Kikatiti. Mvua ilikuwa inanyesha. Kidole cha kati kikalala tena ndani ya wiki tatu zilizofuata, nikikiangalia kila asubuhi. Nikaanza kujishuku mwenyewe, kwamba labda nayeyusha nikiwa nimelala. Mnaweza kucheka.

Nilibaki na Yeyo. Yeye hakuniuliza kama nadanganya. Alisema mwanamke wa Kimeru hawezi kuvumilia, basi. Alinilisha. Nilikuwa nashindwa kukata nyama, akanikatia. Na kwa kuwa nilikuwa nimekonda, aliongeza maziwa. Kikombe kikubwa asubuhi, kikubwa jioni. Daktari hakuwa amekataza maziwa, Lazaro aliyasifu, Godlisten aliyaandika. Nilikunywa mpaka kibuyu kikawa kinaoshwa kila siku badala ya kila siku tatu.

Asubuhi moja ya baridi, mwezi wa saba, nilikuwa nimekaa mlangoni nikimtazama anasugua. Alikitoa kijiti, akakipiga ukingoni mwa kibuyu kudondosha jivu. Kwenye ncha nyeusi nikaona kitu kinang'aa, kama kichwa cha pini. Nikamwomba kijiti. Nilikishika kwa kushoto, nikakwaruza kile kidoa kwa ukucha.

Ukaandika.

Nikageuza kijiti. Kwenye mipasuko ya mti kulikuwa na vingine, vidogo, mstari mzima, na unga wa kijivu umejishindilia kwenye kaa.

"Yeyo, hiki umekitoa wapi?"

"Kibandani kwako. Uliniibia, nimevirudisha."

"Vyote?"

"Kifurushi kizima, kilikuwa juu ya mbao. Vimekauka vizuri, na ncha zimeshachomwa. Hata kazi ya kuchoma umenipunguzia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha ule ujinga wako. Vilikuwa vinakaa bure."

Ndiyo hivyo. Nilipozika pipa sikufikiria vijiti. Ni vijiti. Wakati nayeyusha, Yeyo alikuwa anatumia mzigo wake safi. Nilipoacha kuyeyusha ndipo alipoanza kunisugulia risasi kibuyuni, na maziwa yakachachia humo humo, na mimi nikayanywa kama dawa. Daktari baadaye alisema ule uchachu ndio unaoivuta risasi itoke kwenye kaa. Maelezo zaidi muulizeni yeye.

Nilikichoma kibuyu? Hapana, moshi wake tungeuvuta. Nilikifunga na vijiti vyote kwenye plastiki nikampelekea daktari mezani. Alivaa glavu. Akasema, "Baba, samahani nilisema unayeyusha." Katika watu wote wa habari hii ni yeye tu aliyeniomba samahani bila kuongeza neno.

Mama Neema nilimpigia simu. Alikuja siku ya pili, akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hukunidanganya," akasema. "Sikukudanganya." "Pole, Baba Neema. Lakini ungekuwa mimi, ungeamini?" Ile pole niliisubiri tangu masika, na ilipofika ilikuwa ndogo. Alirudi na mtoto. Tunaishi.

Kwa Lazaro pia nilikwenda. Nilimweleza habari ya maziwa na betri, polepole, ili na yeye ajipime. Alikuwa ameshika kikombe, na kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. "Mwili wako ni dhaifu tu, kaka," akasema. "Usiyasingizie maziwa." Nikamwacha. Godlisten bado yuko zahanati, bado anaandika taifodi.

Awamu ya pili ya vidonge nilianza mwezi wa nane. Na daktari akataka Yeyo apimwe, kwa kuwa alikunywa kibuyu kile kile. Yeyo alikataa mwezi mzima. Alisema damu yake ina umri, isisumbuliwe. Nilimwambia kweli yote, kijiti, risasi, kibuyu, sikupunguza. Siku ya tatu akavaa kitenge cha kanisani, akasema twende.

Benchi ni lile lile. Alikaa wima, mkoba magotini.

"Umewaambia ni mimi niliyekupa?"

"Nimewaambia."

"Na huko kwenye simu, unakoandika kwa mkono wa kushoto, umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Umefanya vizuri. Mtu aandike yaliyotokea." Akaupanga mkoba vizuri magotini. "Vijiti viliwekwa risasi na nani? Hilo umeandika?"

Muuguzi alikuwa ameanza kuita majina. Yeyo aliitwa, tukasogea dirishani. Ilitakiwa fomu, na chini yake kuna mahali pa mtu aliyemleta mgonjwa. Mwaka mzima nilikuwa naweka dole gumba. Muuguzi alishanijua, akanisogezea kidau cha wino.

"Lete kalamu," nikasema.

Mkono uliinuka, si sana, kiasi cha kuvuka ukingo wa dirisha. Niliandika jina langu la kwanza, la baba, la ukoo. Ilichukua muda. Nyuma yangu mtu akasema, "Mzee, unaandika barua ya posa?" Watu wakacheka. Yeyo hakucheka. Alisubiri mpaka nimalize herufi ya mwisho, akainama karibu na karatasi, ingawa hajui kusoma, akaniuliza kama limetoka lote.

Nikamwambia limetoka lote.